Tupeane uzoefu: wazee wetu waliotumikia mizinga ya JWTZ vitani Kagera

Mwanzisha mada, Moshi:
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Vita vya mwaka 1978 na 1979 husimuliwa zaidi kwa habari za askari wa miguu, ilhali wapiga mizinga hupewa sentensi moja tu. Mwenye mzazi au jamaa aliyekuwa kwenye mizinga atueleze alichosikia kwake. Nianze na baba yangu mkubwa, mzee wa Kibosho, aliyekuwa kikosi cha roketi za BM-21, ambazo Waganda walizibandika jina la Saba Saba. Gari moja lilikuwa na mirija 40, nayo yote humalizika kufyatuka kwa sekunde zipatazo 20. Baada ya hapo ilibidi kuhama upesi, maana vumbi na moshi vilikwisha kumwonyesha adui walipo. Wengine hukumbuka mlio, lakini yeye hukumbuka mgongo, kwa kuwa kila roketi, yenye uzito wa kilo zaidi ya 60, ilipakiwa kwa mikono.

Mchangiaji, Ngarenaro, Arusha:
Asante kwa mada. Marehemu baba hakuwahi kuufyatua mzinga hata mmoja, ingawa alihesabiwa miongoni mwa wapiga mizinga. Alitembea mbele na askari wa miguu, akiwa na ramani, dira, darubini na redio, akitaja kombora limeangukia wapi ili walio nyuma warekebishe. Kuhusu Masaka, iliyotwaliwa tarehe 24 Februari 1979 baada ya kupigwa mizinga, alikuwa mgumu kuzungumza, nasi hatukumlazimisha.

Mchangiaji, Majengo, Moshi:
Mimi naleta habari za aliyepigiwa. Mjomba wangu alikuwa mgambo katika Brigedi ya 201 pale Lukaya, tarehe 10 Machi, Walibya waliomsaidia Amin walipofyatua roketi. Zilipita juu ya vichwa vyao, lakini wengi, wakiwa hawajawahi kusikia kitu kama kile, walitimua mbio. Kesho yake Brigedi ya 208 ilishambulia kutoka ubavuni, na Lukaya ikarudi mikononi mwetu.

Mwanzisha mada:
Shukrani, hilo la mgambo sikuwahi kulisikia. Baba mkubwa alifika hadi Mpigi, ambako mizinga ilielekezwa Entebbe, iliyotwaliwa tarehe 7 Aprili, siku chache baada ya Waganda wapinzani wa Amin kukutana hapa hapa Moshi. Sikio lake la kushoto halisikii tangu wakati huo. Je, wazee wenu nao wako hivyo?