Naomba ushauri: kifo cha Cassius kinachekesha jukwaani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kikundi chetu kinaandaa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, nami nimekwama sehemu ya tano, kule vitani Philippi.

Macho ya Cassius, mmoja wa waliomuua Kaizari, hayaoni mbali, hivyo anampandisha mtumwa wake Pindarus kilimani amwangalizie. Pindarus anaona Titinius, rafiki wa Cassius, kazungukwa na wapanda farasi, anapaza sauti kwamba katekwa. Kumbe ni wenzao wanamshangilia! Cassius hasubiri: anamkabidhi Pindarus upanga uleule uliomchoma Kaizari, amuue. Tena ni siku yake ya kuzaliwa.

Tulimsimamisha Pindarus juu ya meza, waliokuja kutazama mazoezi wakaangua kicheko. Tukamficha nyuma ya pazia isikike sauti tu, ikapoa kabisa, kama taarifa ya habari.

Je, Pindarus aonekane au asikike tu?

La pili: mimi naona waliokula njama ya kumuua Kaizari walishakwisha siku mwenzao Brutus alipomruhusu Antony, rafiki wa Kaizari, kuhutubia mazishini. Anayeigiza Cassius anabisha, eti ni pupa ya hapa hapa Philippi. Tumchezeje: mtu aliyekwisha kata tamaa, au aliyebabaika ghafla?