Boksi la soketi: tuamini jina gani?

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Mbaraka*

Idrisa: Shikamooni wakubwa. Natafuta boksi la soketi za kufungulia nati, la kazi za nyumbani, gari dogo la Kijapani na pikipiki. Kuna la vipande 216 na la vipande 94. Lipi bora, na jina gani la kuaminika?

Mjomba Hamisi: Marahaba mjomba. Jina baadaye, kwanza hesabu. Kwenye lile la 216 toa biti zote (ncha za bisibisi), toa alenki (vifunguo vya umbo la L), toa vishikio. Soketi zinabaki ngapi?

Idrisa: Biti na alenki peke yake 118. Soketi ni 62. Ila namba 10 naiona mara tatu.

Shangazi Rukia: Ndiyo mchezo wao huo. Kuna 10 ya mraba (tundu la nyuma linalovikwa mpini) wa robo inchi, 10 ya tatu kwa nane na 10 ya nusu, zote zimehesabiwa. Biti ni vyuma vidogo vya kujazia boksi. Huko kwenye biti na alenki 118 utatumia kumi tu miaka yote.

Baba Tatu: Na hizo kumi ndizo zitakazovunjika kwanza, maana biti za kujazia boksi mara nyingi ni laini. Biti nzuri ni za S2, chuma kigumu cha zana. Zinunuliwe peke yake.

Idrisa: Sasa mraba upi? Maana 94 ina robo na nusu tu, hakuna ya katikati.

Baba Tatu: Basi hilo lina pengo mahali penye kazi. Robo inchi (6.35 mm) ni ya skrubu za dashibodi, klempu na vinati vidogo. Nusu inchi (12.7 mm) ni ya magurudumu na miguu ya gari. Katikati yote, injini, betri, breki za pikipiki, oltaneta, ni tatu kwa nane (9.5 mm). Ukiwa na moja tu, iwe hiyo.

Mjomba Hamisi: Kwa gari la Kijapani namba zako (milimita za kichwa cha bolti) ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 kwa nati za magurudumu. Za Ulaya zina 13, 15, 16 na 18. Bolti inaweza kuwa ileile, kichwa ndicho kinachobadilika. Bolti ya M8 (unene wa mm 8) kwa Wajapani ina kichwa cha 12, kwa Wajerumani 13. M10 kwa Wajapani 14, kwa Ulaya 16, na zile za zamani 17. Kwa hiyo angalia boksi lisiruke namba. Mengi ya rahisi yanaruka 16 au 18 kimyakimya, unakuja kugundua ukiwa chini ya gari.

Idrisa: Na hizi za inchi? Boksi lina safu nzima.

Mjomba Hamisi: Huzihitaji. Tena ni hatari kwa mwenye haraka. 3/4 ni 19.05, hiyo inakaa sawa kwenye nati ya 19. Lakini 9/16 ni 14.29. Ukiivisha nati ya 14 inaingia vizuri kabisa, unaona mambo safi, ukivuta inakula pembe zote sita.

Shangazi Rukia: Tukifika kwenye pembe: Idrisa, chukua za pembe sita. Usichukue za pembe kumi na mbili.

Mama Salma: Za kumi na mbili si zinaingia upesi zaidi?

Shangazi Rukia: Zinaingia upesi, ndiyo, kila nyuzi 30 badala ya 60. Kwenye ringi spana mahali pa kubana hiyo ni faida. Lakini kwenye soketi una racheti, mpini wenye meno unaokaza upande mmoja na kurudi bure, nafasi ya kuivisha si shida. Pembe kumi na mbili inashika nati karibu kabisa na kona. Nati yenye kutu, au iliyokwisha kuliwa kidogo, inateleza.

Baba Tatu: Ongeza hapo: hata kati ya za pembe sita kuna tofauti. Itazame soketi kwa ndani, uielekeze kwenye mwanga. Ya rahisi ina kona kali kama nati yenyewe. Ya maana, kona zake zimechimbwa kidogo, zina kavidole ka duara. Ukivuta, nguvu inatua kwenye ubavu wa nati, kona haiguswi. Snap-on wanaiita Flank Drive, wengine wana majina yao, kazi ni ileile. Hicho ndicho kitu cha kulipia.

Mjomba Hamisi: Na mdomo. Soketi nyingi mdomo wake umechongwa mteremko ili nati iingie kirahisi. Mteremko ukizidi kina, kwenye nati nyembamba inayoshika ni milimita mbili tu. Hapo inaruka. Mdomo mzuri umekatwa karibu bapa.

Idrisa: Sasa majina wakubwa 🙏 Dukani yapo kama kumi.

Shangazi Rukia: Ujerumani: Stahlwille (tangu 1862), Hazet (1868), Gedore (1919). Hazet ni herufi H na Z zikitamkwa Kijerumani. Japani: Ko-ken, ambao kazi yao hasa ni soketi, na KTC, yaani Kyoto Tool Company. Marekani: Snap-on, 1920. Hao ndio walioanza biashara kwa wazo kwamba vishikio vitano na soketi kumi vifanye kazi ya spana hamsini. Ufaransa: Facom, 1918. Taiwani: King Tony na Toptul. Kwa mtu wa nyumbani, mimi naishia Taiwani bila kuona aibu.

Baba Tatu: Nakubaliana. Tofauti ya Ko-ken na King Tony unaisikia mkononi: ukuta mwembamba zaidi, racheti laini zaidi. Kwa anayefungua nati mia kwa siku, inalipa. Kwa anayefungua kumi kwa mwezi, hapana.

Mjomba Hamisi: Ila majina yanauzwa na kununuliwa. Bahco ya Uswidi iko chini ya Snap-on tangu 1999. Facom ilinunuliwa na Stanley 2006. Craftsman ilikuwa ya Sears, Stanley Black & Decker wakaichukua 2017. Kwa hiyo jina halikuambii kiwanda. Jina moja linaweza kuwa na daraja mbili au tatu: KTC wana Nepros juu yao wenyewe. Usiulize tu "ni ya nani", uliza "ni daraja gani".

Mama Salma: Wale waliogundua spana malaya si ndio hao Bahco?

Shangazi Rukia: Humu kuna watoto jamani.

Mama Salma: Haya, spana ya kurekebisha 😂

Mjomba Hamisi: Ndio hao. Johan Petter Johansson, hataza ya 1892. Na hata yao haimalizi nati iliyokwama. Iwe ya kushikia upande wa pili tu.

Idrisa: Nikiwa dukani, nitajuaje nzuri na feki? Zote zimeandikwa Chrome Vanadium, aina ya chuma.

Shangazi Rukia: Maandishi hayo si ushahidi, mhuri ni mhuri tu. Fanya hivi. Nenda na nati mpya mbili mfukoni, ya 10 na ya 14. Ivishe soketi, itikise. Mchezo mdogo ni kawaida. Ukiisikia inagonga kama njugu, rudisha. Kisha tazama ndani ya mraba wa nyuma: kromu iwe laini, isiwe na matone wala ngozi inayoinuka. Kromu ikianza kubambuka ndani, vipande vyake vinakata kidole kama wembe. Namba iwe imechapwa kwenye chuma, si rangi. Rangi inafutika, unabaki kupima kwa macho.

Baba Tatu: Gololi je.

Shangazi Rukia: Enhe. Mraba wa racheti una gololi inayoshika soketi. Vika soketi kubwa kuliko zote, geuza kichwa chini, tingisha. Ikidondoka, utakuwa unazifukua ndani ya injini kwa sumaku.

Mjomba Hamisi: Racheti sasa, hapo tusimame kidogo maana ndiyo inayotangulia kufa. Shika mraba kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Kwa mkono mwingine zungusha mpini upande unaolia kliki. Mraba ukizunguka pamoja na mpini, racheti nzito. Ukiifikisha kwenye nati iliyolegea, nati inakwenda mbele na kurudi nyuma papo hapo, hufiki popote. Nzuri inalia na vidole havisikii kitu.

Idrisa: Na idadi ya meno? Moja imeandikwa 72, nyingine 24.

Mjomba Hamisi: Gawa 360 kwa meno. 24 ni nyuzi 15 kila kliki, 72 ni nyuzi 5, 90 ni nyuzi 4. Nyuma ya injini mkono hauna nafasi ya nyuzi 15. Chukua 72.

Baba Tatu: Tahadhari lakini. Meno mengi ni meno madogo. Ulimi, kile chuma cha ndani kinachoshika meno, ukishika meno mawili tu yanachanika. Wazuri wanatengeneza ulimi mpana unaoshika meno kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana 72 ya kampuni ya maana inabeba, na 72 ya boksi la kubahatisha inaruka ukiiegemea.

Shangazi Rukia: Na muulize muuzaji kama kuna seti ya spea ya hiyo racheti: ulimi, springi, gurudumu la meno. Asiye na spea anakuuzia racheti ya kutupa.

Idrisa: Wanasema dhamana ya maisha.

Shangazi Rukia: Isome. Aghalabu soketi na spana zimo, lakini matumbo ya racheti, biti na spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza) hazimo. Na dhamana isiyo na duka la kwenda kubadilisha ni karatasi. Uliza swali moja: "Namba 10 ikipotea, naweza kuinunua peke yake?" Itapotea tu hiyo.

Baba Tatu: Idrisa, kabla hujavunja hiyo racheti mpya: usivike bomba kwenye mpini wake. Kilo 40 za mkono kwenye mpini wa sentimita 25 ni karibu 98 Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Bomba la mita moja, kilo zilezile, karibu 390. Kwenye tatu kwa nane ulimi unasagika au mraba unakatika, na ngumi yako inamalizia kwenye chuma. Nunua mpini mrefu wa nusu inchi usio na meno, sentimita 60. Huo unalegeza, racheti inamalizia.

Idrisa: Na mashine ya upepo ya kufungulia nati? Jirani anayo.

Baba Tatu: Soketi za kung'aa usizipeleke huko. Za mashine ni nyeusi, chuma cha kromu na molibdenamu, ukuta mnene. Chuma hicho kikipigwa kinanyonya kishindo. Za kung'aa ni ngumu zaidi, zikipigwa zinapasuka na kipande kinafuata jicho.

Mama Salma: Na kwa umeme wa gari chotara (la mafuta na umeme), si spana za kawaida. Ziwe na alama ya 1000 V, kiwango cha IEC 60900. Kuzungushia utepe wa plastiki mpini wa kawaida hakuhesabiki.

Idrisa: Spana ya torki niinunue sasa?

Mjomba Hamisi: Ukitaka kugusa magurudumu, ndiyo. Nusu inchi, 40 mpaka 200 Nm inatosha. Nati za magari madogo nyingi huwa kati ya 100 na 120, lakini fuata kitabu cha gari lako. Iwe na cheti cha ISO 6789, makosa yasizidi asilimia 4. Usilegezee nayo nati. Ukimaliza irudishe alama ya chini kabisa, usipite hapo, springi isichoke. Ipimwe upya kila miezi 12 au kliki 5000.

Shangazi Rukia: Kwa hiyo orodha yake si boksi la 216 wala la 94.

Mjomba Hamisi: Hapana. Seti ya tatu kwa nane, pembe sita, 8 mpaka 19 bila kuruka. Racheti ya meno 72. Ekstensheni mbili, 75 na 150 mm, na kiungo cha kukunja. Soketi ndefu za 10, 12, 14. Soketi ya plagi, 16 au 21 kulingana na injini, yenye mpira au sumaku ndani. Halafu mpini mrefu wa nusu na 17, 19, 21. Spana zenye ringi upande mmoja na flati (mdomo wazi) upande wa pili, 8 mpaka 19. Ringi ndiyo ya kuanzia, flati ni ya kumalizia, maana mdomo wake unafunuka ukiulazimisha.

Baba Tatu: Plaisi usitafute kwa jina lilelile la soketi. Knipex wanatengeneza plaisi tangu 1882, ndiyo kazi yao hasa.

Idrisa: Skrubu za msalaba kwenye pikipiki zinaliwa sana, bisibisi ikiwa mpya.

Baba Tatu: Kwa sababu nyingi za Kijapani si msalaba wa Phillips, ni wa JIS, kiwango cha Japani. Zinafanana kwa macho. Ncha ya Phillips haizami mpaka chini, inapanda na kula kichwa. Ya JIS inaingia kwenye zote mbili, ukiwa na moja iwe hiyo.

Idrisa: Swali la mwisho. Racheti nitie grisi gani?

Shangazi Rukia: Nyepesi, kiasi cha punje ya mchele, kwenye meno tu. Ile nzito ya bearingi inagandisha ulimi, unachelewa kushika, racheti inaruka jino. Na soketi zikauke kabla ya kufunga boksi, sponji ya ndani inashika maji.

Idrisa: Nimeandika yote. Kesho naenda na nati mbili mfukoni.

Mjomba Hamisi: Tatu. Ongeza ya 17.