Mjadala: Anayekupokea ugenini akisema "lete pasipoti nikutunzie", umpe?

Wakuu, naleta hili tulijadili bila kupakana mafuta.

Msimamo wangu: pasipoti haishikwi na mtu mwingine, awe mwajiri, wakala au ndugu aliyekutangulia. Uhamiaji wanaikagua na kukurudishia, hoteli wanatoa nakala na kukurudishia, basi. Wapo wanaosema mgeni wa siku ya kwanza ni rahisi kuibiwa, hivyo kabati la mwenyeji ndilo salama. Mimi naona hapo ndipo wengi wanaponasa.

Nilipofika mara ya kwanza kikazi tulipokewa na jamaa aliyeshika kibao chenye majina yetu. Mpole kweli, hata mizigo alitubebea. Kwenye gari akasema, "Nipeni pasipoti nikawasajili." Tukatoa wote sita. Akazifunga pamoja kwa mpira wa noti, akazitia kwenye droo ya dashibodi na kufunga kwa ufunguo. Yangu niliiona tena baada ya miezi minne. Hakunipiga wala kunitukana, ila kila nilipotaka kwenda mahali ilibidi nianze kwa kuomba. Siku niliyougua, hospitali wakataka kitambulisho, sina. Namba ya pasipoti nayo sikuikumbuka.

Mchangiaji wa kwanza: Pole mkuu, lakini umeangalia upande mmoja. Mwajiri kalipa viza na tiketi, mtu anafika na wiki ya pili katoroka. Hasara abebe nani? Halafu usajili wa ukaazi mara nyingi unadai pasipoti halisi, si nakala.

Mleta mada: Usajili sawa, twende wote ofisini. Ikishindikana, niandikie karatasi yenye jina lako, sahihi na tarehe ya kunirudishia. Kuhusu hasara, deni lina mkataba na lina mahakama. Tena pasipoti nyingi zimeandikwa humo ndani kuwa ni mali ya serikali iliyozitoa, sasa mimi nitawekaje rehani kitu kisicho changu? Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, kifungu cha 9, unampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya kubaki na hati zake za kusafiria. Shirika hilohilo linahesabu kuzuiliwa hati kati ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa.

Mchangiaji wa pili: Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia tu. Na hata kama umeridhiwa, saa nane za usiku, uko ndani ya gari la mtu, mtaa huujui, laini ya simu huna. Utamsomea kifungu cha 9? Ukigoma anakushusha barabarani. Kazi ya kujilinda inafanyika kabla ya kupanda ndege: piga picha ukurasa wenye sura yako na ule wa viza, mtumie mtu wa nyumbani, acha nyingine kwenye barua pepe. Namba ya ubalozi iandike kwa kalamu, maana simu huisha chaji siku unayoihitaji.

Mchangiaji wa tatu: Naongeza dogo. Kuificha chumbani nako si jibu la kila mahali. Japani, kwa mfano, sheria inamtaka mtalii atembee na pasipoti yenyewe. Na ukikamatwa popote, omba ubalozi wako ujulishwe. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya kibalozi, kifungu cha 36.

Mleta mada: Mchangiaji wa pili, hapo umenibana. Sisi sita tulikuwa na nguvu ya kugoma na hakuna aliyefungua mdomo, kila mmoja akimtazama mwenzake. Aliye peke yake nimwambie nini? Labda aseme iko ndani ya begi kubwa kule kwenye buti, ataitoa asubuhi. Ni uongo, najua. Nani hapa amewahi kukataa palepale na gari likaendelea na safari?