Tupeane uzoefu: "get" inavyowasumbua waliosoma kwa Kifaransa

Mwl_Kivu: Wakuu, aliyesomea Bukavu au Bujumbura hutafuta neno moja la Kifaransa la kutafsiri "get" ya Kiingereza. Halipo. Tazama kinachofuata. Likifuata jina la kitu, "get a letter" ni recevoir (kupokea), "get some bread" ni acheter (kununua) au aller chercher (kwenda kuchukua). Ikifuata sifa, ni devenir (kuwa): "get tired". Pakifuata mahali, ni arriver (kufika): "get to Kampala". Ila "home", "here" na "there" hazitaki "to". Hiyo "get to home" ni "arriver à la maison" iliyovalishwa Kiingereza.

Wa_Lushi: Kweli kabisa. Hapo kwa "home" batu bengi banaanguka.

SarufiNgumu: Mateso ya nini? Waseme "receive", "become", "arrive". Yote ya Kilatini, midomo imeshazoea.

Mwl_Kivu: "Become" ya Kilatini tangu lini? Halafu nyeshewa useme "I became wet" uone watu watakavyokutazama. Kuongea utakwepa, kusikiliza je?

DadaK'la: Ya hatari ni "je viendrai te chercher", yaani nitakuja kukuchukua. Semeni "I'll come and get you". Ukikata ukabakiza "I'll get you" kavukavu, umemwambia mtu utamkomesha.

Baharia: Mungu wangu! Na meseji kama hiyo usiku?

DadaK'la: Taja mahali: "I'll get you from the bus park". Tishio linaisha.

Wa_Lushi: Ao weka picha ya basi.

FundiLugha: Mmeng'ang'ania vitisho, kubwa mmeliacha. "J'ai fait réparer mon téléphone" (nilitengenezesha simu yangu) wanaigeuza "I made repair my phone". Mpangilio ni get, kitu, kisha participe passé (umbo la kitenzi kama "repaired"): "I got my phone repaired". Ukimtaja fundi, "to" inaingia: "I got him to repair it". Kwa "make" hiyo "to" haipo, "I made him repair it", na hapo inasikika umemlazimisha. Na "se marier avec" (kuoana na) isiwaponze: ni "get married to", si "with".

SarufiNgumu: Na "gotten"? Hicho si Kiingereza.

FundiLugha: Marekani ni Kiingereza safi. Kule "I've gotten a car" ni nimepata gari, "I've got a car" ni ninalo. Uingereza zote mbili ni "got". Kwenye mtihani shika upande mmoja.

Baharia: Mie nasema wakariri tu orodha.

Mwl_Kivu: Orodha ya "get" haina mwisho, kaka. Shika mpangilio.

Baharia: Haya, "monter dans" (kupanda chombo) je? "Get in" au "get on"?

DadaK'la: Ukiweza kusimama na kutembea ndani, "on": basi, treni, ndege. Ukiingia umeinama ukakaa, "in". Bodaboda ni "on", unapanda juu. Kushuka ni "get off" kwa hizo za "on", "get out of" kwa gari dogo.

Baharia: Na matatu, ambayo huko kwenu Kampala mnaiita teksi?

DadaK'la: Ile ya abiria 14 lazima uiname. Weka "in".