Mjadala: Safari za Saudia zifungwe, au ajenti ndiye abanwe?

Kila ikisambaa video ya dada wa kazi za nyumbani anayelia kutoka Riyadh, wito ni ule ule: serikali ifunge safari za kwenda kazi Saudia. Mimi napinga.

Tulishafunga. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani nchi za Ghuba, ikaja kufungua 2017. Wasichana hawakukaa nyumbani. Walivuka mpaka wakapandia ndege nchi jirani, bila mkataba uliopita ofisi yoyote. Likiwapata la kuwapata, ubalozi hauna hata majina yao.

Jirani yangu hapa Kisauni alikuwa akifulia watu nguo kwa shilingi 300 kwa siku, tena siku zenye kazi. Kule aliahidiwa riyali 1,000 kwa mwezi, kama shilingi 34,000. Nani angemwambia abaki, huku karo inamsubiri? Mkataba alioneshwa usiku wa safari, ndani ya gari, kurasa za Kiarabu kitupu: "Tia sahihi hapa, na hapa." Alipofika, pasipoti ikaingia droo ya bosi. Miezi minne hakuona mshahara. Akampigia ajenti aliyempeleka. "Vumilia dada, usiniharibie jina." Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Mtasema shida ni kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na kweli ni shida: ikama yako (kibali cha kuishi kule) iko mkononi mwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Machi 2021 Saudia ililegeza kidogo, wafanyakazi wa kampuni wakaruhusiwa kuhama mwajiri bila idhini yake, lakini kadama (mfanyakazi wa ndani) na dereva wa nyumbani wakaachwa nje. Sasa sheria ya Riyadh sisi tutaibadilisha vipi? Ajenti yuko hapa hapa mjini. Ana ofisi, ana leseni, ana gari (lile lile la usiku wa mkataba).

Wafilipino walishaliona hili. Sheria yao ya 1995 inambana wakala pamoja na mwajiri wa ng'ambo: mshahara ukiliwa kule, mdai anamshtaki wakala nyumbani na wakala analipa.

Najua mawakala watasema ada zitapanda, na wajanja watahamia vichochoroni. Huenda. Ndiyo maana nawauliza hasa nyinyi mliokwenda mkarudi: ajenti wako angejua kwamba mshahara wako usipolipwa utatoka mfukoni mwake, angekupeleka nyumba ile?