Tupeane uzoefu: utani na misemo ya makanisani Utah

Wapendwa, salaam. Wapo ndugu zetu wanaohamia Utah, wengine kusoma Provo, wengine wakimbizi kutoka Kongo walio Salt Lake City. Ibada ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) wanaielewa, vicheko ndivyo vinawapita. Mnaozijua kata (makutaniko ya Kanisa hilo) za kule, tuelezeni watu wanachekea nini, na kwa nini.

Dada, Salt Lake City
Anzeni na sala ya vitafunio. Shughuli ikiisha kuna donati na soda, na anayeombea huzoea kusema "kitulishe na kuimarisha miili yetu". Donati iimarishe mwili? Vijana hapo huinamisha vichwa zaidi kuficha kicheko. Ukiitwa kuomba, shukuru kwa chakula na walioandaa, inatosha.

Jumapili ya kwanza ya mwezi watu hufunga milo miwili, thamani ya chakula hicho hutolewa sadaka, na mimbari huwa wazi kwa yeyote mwenye ushuhuda. Ushuhuda ni mfupi: Mungu yu hai, Yesu Kristo ni Mwokozi, Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, alikuwa nabii, Kitabu cha Mormoni, andiko lao pamoja na Biblia, ni cha kweli. Unaoharibika ni ule unaogeuka hadithi ya likizo au orodha ya shukrani kuanzia shangazi hadi jirani. Aina hizo mbili wenyeji wamezipa majina ya utani, na akisimama msemaji wa namna hiyo utaona wanavyotazamana.

Ndugu, Provo
Naongezea hotuba. Hakuna mchungaji wa mshahara, washiriki ndio wanaohutubu kwa zamu. Mzaha uliochakaa kuliko yote ni kufungua kwa kueleza ulivyoona simu ya uaskofu (askofu na washauri wake wanaoongoza kata) ukatamani kutoipokea. Tafadhali iacheni, inakula dakika mbili na kila mtu ameshaisikia.

Tangu Januari 2019 ibada za Jumapili ni saa mbili badala ya tatu, na mkutano wa sakramenti ni dakika 60. Msemaji wa mwisho ndiye anayebanwa: umepangiwa dakika 15, unabakiwa na 6. Weka alama mapema kwenye aya za kuruka, usisome haraka haraka. Mjumbe wa baraza kuu la kigingi (kundi la kata kadhaa) akija kuhutubu, utasikia utani kwamba siku hiyo ni kavu. Hawamchukii, ni mazoea ya miaka mingi.

Dada, Ogden
Jamani, na viazi vya msiba je? Kina mama wa Muungano wa Usaidizi, chama cha wanawake wa Kanisa, huwapikia wafiwa, jina likabaki hivyo hata vikiliwa Krismasi. Trei ya sentimita 23 kwa 33 inataka viazi vilivyokunwa na kugandishwa gramu 850, makopo mawili ya supu nzito ya kuku, vikombe viwili vya krimu chachu, viwili vya jibini ya cheddar, nusu kikombe cha siagi iliyoyeyushwa na kitunguu. Juu yake kornifleksi zilizopondwa na kuchanganywa na siagi. Oveni nyuzi 175, dakika 45 hadi 50. Viazi visipoyeyuka barafu kwanza, trei inajaa maji. Kornifleksi zikiwekwa usiku wa kuamkia shughuli, zinalowa.

Jell-O (jeli tamu ya unga wa dukani) ya kijani yenye karoti nayo ni utani wa kudumu. Bunge la jimbo liliitangaza Jell-O kitafunio rasmi mwaka 2001. Msitie nanasi bichi, haigandi kwa sababu ya kimeng'enya chake. La kopo halina shida.

Ndugu, Provo
Nilisahau J. Golden Kimball (1853–1938). Ujanani aliendesha nyumbu, na hata alipokuwa mmoja wa viongozi wakuu wa Kanisa alitamka mimbarini maneno makali ambayo wenzake wasingethubutu. Hadi leo visa vyake husimuliwa kwa upendo mkubwa. Wengine wote husema "heck" na "fetch", maneno laini ya Kiingereza badala ya matusi, wakikasirika. Ila ya hekaluni na sakramenti yenyewe hayataniwi, mgeni alijue hilo mapema.

Dada, Ogden
Kwa asiye na kornifleksi: krispi za viazi zilizopondwa zinafaa, ila punguza chumvi ndani.