Mjadala: Je, Paul Simon alikosea kwenda Johannesburg kurekodi Graceland?

Mleta mada:

Kila inapotajwa albamu ya Graceland, ambayo mwimbaji na mtunzi wa Marekani Paul Simon aliitoa Agosti 1986, mazungumzo huishia pale pale: mmoja anasema ni wizi wa muziki wa Waafrika, mwingine anasema bila yeye dunia isingewajua wanamuziki wale, na wote wawili wanalisahau shitaka lenyewe la wakati ule. Shitaka halikuwa wizi. Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi wanachama zikate mahusiano ya kitamaduni na Afrika Kusini ya Makaburu, na likawaomba wasanii wenyewe waisusie nchi hiyo. Februari 1985 Simon alipanda ndege pamoja na fundi wake wa sauti, Roy Halee, akaenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki Weusi kwa takribani wiki mbili. Naomba tulijadili hilo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: alikosea, na uzuri wa albamu si utetezi. Nasema hivyo nikiwa mtu aliyeisikiliza kaseti yake hadi utepe ukaanza kukwama.

Watetezi wake hutanguliza malipo, nami sina ubishi nao hapo. Aliwalipa wanamuziki mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki wa Marekani, yaani karibu dola 200 kwa saa, katika mji ambao mpiga ala wa studio alizoea kupata kama dola 15 kwa siku nzima. Nyimbo 5 kati ya 11 zina jina la mtunzi mwenza kando ya jina lake. Hata hivyo, utazame wimbo uliobeba jina la albamu. Mpiga gitaa Ray Phiri alipokuwa akiupiga alichomeka kodi ya maina (“minor chord”, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja na kutoa sauti ya majonzi) ambayo haikuwa ya kawaida katika muziki wa kwao, na Simon alipomuuliza kwa nini, Phiri akamjibu kwamba alikuwa anafuata namna Simon mwenyewe anavyotunga nyimbo zake. Sauti hiyo ndiyo inayoupa wimbo ule huzuni yake, lakini kwenye orodha ya watunzi yumo Simon peke yake. Sisemi ni dhuluma, maana desturi ya studio ndivyo ilivyo duniani kote. Nasema tu kwamba hesabu ya nani katoa nini haimalizwi na malipo ya saa.

Tukirudi kwenye kususia, Simon ameeleza kwamba chama cha wanamuziki Weusi kilipiga kura na kukubali aende. Vizuri. Lakini Harry Belafonte, mwimbaji na mwanaharakati wa Marekani, alimshauri azungumze kwanza na ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, naye Simon hakufanya hivyo. Jambo hili linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani, kwa sababu mwito wa kuisusia Afrika Kusini ulipozinduliwa London tarehe 26 Juni 1959, mmoja wa wasemaji jukwaani alikuwa Julius Nyerere, na baadaye Tanzania iliwapa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule kwa ajili ya vijana waliokimbia kwao. Kususia kuna nguvu pale tu ambapo hakuna anayejipa ruhusa mwenyewe. Kila msanii akijiona yeye ni wa pekee kwa sababu nia yake ni njema, kinachobaki ni maombi, si mgomo.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umeandika kwa utulivu, nami nitajitahidi kukujibu hivyo hivyo. Kususia kulikusudiwa kuitenga serikali ya Makaburu na wale waliokwenda kuiburudisha. Simon alikataa kuimba Sun City, ile hoteli ya starehe ya Afrika Kusini iliyokuwa ikialika wasanii wa nje. Hakupanda jukwaa lolote nchini humo, hakuimba mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi, na hakumkabidhi Kaburu yeyote heshima ya kupiga naye picha. Aliingia studio na watu ambao serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwanyamazisha. Sasa niambie, siku ile ni nani aliyetengwa na ni nani aliyesikika?

Halafu tazama ni nani waliomuunga mkono. Mwimbaji wa Afrika Kusini Miriam Makeba alinyimwa ruhusa ya kurudi kumzika mama yake mwaka 1960, na mpiga tarumbeta Hugh Masekela aliondoka nchini humo mwaka huo huo. Wote wawili walijiunga na ziara ya Graceland na kuimba Harare, Februari 1987. Miezi miwili baadaye, walipofika Royal Albert Hall jijini London, waandamanaji waliwasubiri nje, na wanamuziki wa Uingereza kama Billy Bragg na Paul Weller walimtaka Simon aombe radhi hadharani. Rais wa vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi wakati huo alikuwa Trevor Huddleston, yule aliyepata kuwa askofu wa Masasi. Ndiye aliyempatia Masekela tarumbeta yake ya kwanza alipokuwa mwanafunzi. Mimi siwezi kumweleza Masekela jinsi ya kuipigania nchi yake.

Mleta mada:

Mfano wa Huddleston na Masekela ni mzito, na nakiri sikuwa nimeuwaza. Ila umechanganya safari mbili. Ziara ya 1987 haikukanyaga Afrika Kusini, kwa hiyo kuwapo kwa Makeba jukwaani hakuihalalishi ile ya Februari 1985. Tena wimbo wa Homeless, ambao Joseph Shabalala na kwaya yake ya Afrika Kusini, Ladysmith Black Mambazo, wanauimba bila ala yoyote, ulirekodiwa London, na Diamonds on the Soles of Her Shoes ulirekodiwa New York, Mei 1986. Nyimbo mbili ambazo wengi wetu tungezichagua kuwa bora kuliko zote zilipatikana bila kuvunja chochote. Kama Shabalala na vijana wake waliweza kusafirishwa, wengine walishindikana kwa nini?

Mchangiaji wa pili:

Mleta mada, ungemsafirishaje mtu ambaye hujakutana naye? Simon alianza na kaseti moja tu ya muziki wa akodiani kutoka vitongoji vya Johannesburg. Shabalala alikutana naye huko huko, katika safari hiyo unayosema isingefanyika. Na ile akodiani inayofungua albamu ni ya Forere Motloheloa, Msotho ambaye hakuwa na wakala New York wala jina kwenye redio za huko. Mimi ningependa kusikia kutoka kwako: angeomba idhini ya ANC wakamkatalia, je, ungetaka akodiani ile ibaki bila kurekodiwa?